Samadari ya Mama Katika Nchi ya Mbeledaima

Nimeulizwa sana habari za safari ile, na kila mara nimejibu kwa mkato, kwa sababu nusu yake ni aibu yangu mwenyewe. Leo nasema yote. Atakaye kucheka na acheke, ila asinikatize.

Mimi ni Mashavu binti Kheri, mtu wa miaka hamsini na minane, na usukani nimeushika tangu marehemu baba alipokuwa akitutuma mimi na mdogo wangu Mwanakombo kupeleka nazi sokoni kwa pikapu na tela. Mtaani kwetu hakuna mwanamume wa kunifundisha gari. Nalisema hilo mapema ili mjue nazungumza kwa ujuzi.

Siku hiyo tela lilibeba kitu kimoja tu: samadari ya mama, kitanda cha mninga chenye nguzo nne na nakshi kichwani, nimeifunga kwa mablanketi na kamba. Nilikuwa nairudisha. Mama alipokuwa mgonjwa alisema, nami nasikia kwa masikio yangu mawili, "Samadari hii ni ya Mwanakombo." Alipofariki nikaichukua mimi. Niliwaambia watu kwamba mkubwa ndiye anayestahili, na watu wakanyamaza kwa kuwa mdomo wangu wanaujua. Mwanakombo hakugomba. Alifunga mlango tu. Miaka tisa nimelala juu ya kitanda cha mwenyewe, na ubavu wangu haujapata kukizoea.

Kisha muuza samaki akanidokeza kuwa Raya, binti wa Mwanakombo, anaolewa Jumamosi. Mwaliko sikupata, wala sikustahili. Nilichotaka ni kufika Kiambo, kwa mdogo wangu, kabla jua halijazama, samadari itandikwe chumbani kwa bi harusi, nami niseme neno ambalo ulimi wangu haukuwa na mazoea nalo. Barabara kuu ilikuwa imekatwa na mafuriko. Njia iliyobaki ilipita katikati ya nchi ya Mbeledaima.

Mpakani nilipokewa asubuhi na mapema na afisa aliyeitwa Bi Thabiti, sare yake imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Pasipoti hakuiuliza. Alichukua vitambaa viwili vyeusi akafunika vioo vya pembeni vya gari langu, na kioo cha ndani akakigeuza kikatazama paa. Halafu akaingiza mkono dirishani, akabandika karatasi yenye mhuri mwekundu pale penye gia, upande wa rivasi.

"Hiyo ni ya nini, mama?"

"Ni lakiri. Katika nchi yetu hakuna kurudi nyuma," alisema kwa upole. "Wala kugeuza gari, wala kugeuka kwa miguu. Anayerudi anakiri kuwa alikosea, na sisi hatukosei."

"Hata kidogo?"

"Tangu nchi ianzishwe." Akatoa kitabu kinene chenye jalada la kijani, kimeandikwa Daftari la Makosa. Akanifunulia kurasa. Zote nyeupe. "Wewe umetembea. Umeona wapi daftari safi kama hili?"

Nikasema sijaona. Nikauliza kama njia ya Kiambo ni nzuri.

"Nzuri mno. Hajapata kurudi mtu hata mmoja kulalamika."

Kwa sheria yao kila mgeni hupewa msindikizaji. Wangu alikuwa Bwana Yakini, mtu wa makamo, mpole, amekumbatia lile Daftari la Makosa kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Kazi yake ilikuwa kuniongoza njia, na kuniandika iwapo nitakosa. Alikiri kwamba kalamu yake ni mpya, alipewa miaka ishirini na sita iliyopita.

Tukaondoka. Nitaeleza niliyoyaona bila kutia chumvi, maana hayahitaji.

Tulimpita mtu anatembea na kandambili moja. Nikauliza ya pili iko wapi. "Imemchomoka mguuni hapo nyuma," akasema Yakini. "Hapo nyuma hatua tatu?" "Ndiyo. Atazunguka. Mwakani ataikuta, akijaliwa." Nyumba zote za kando ya njia zilikuwa na milango isiyofunga, imepinda imekwenda upande. Nikataka kujua mafundi wao wamerogwa na nani. Yakini akanieleza kwamba zamani waziri wa elimu alitembelea shule, akaandika ubaoni kuwa saba mara nane ni hamsini na nne. Mtoto mmoja akanyoosha kidole. Baada ya kikao cha siku tatu ilionekana mtoto ndiye aliyewahi mno kunyoosha kidole, hesabu ikaingizwa kwenye vitabu, na mafundi wakaitii.

"Na milango?"

"Tunaishi na upepo," alisema. "Ni mzuri kwa afya."

Redio ilikuwa inarusha mjadala wa bunge. Saa kubwa ya mji mkuu ilitegwa vibaya siku ya kufunguliwa kwake, ikawa inatangulia kwa saa nzima, na sasa mbunge mmoja kauliza kama haifai kuguswa kidogo. Ukumbi ulizomea. Waziri akasimama akasema saa haina tatizo lolote, tatizo ni jua, ambalo limekuwa likichelewa kazini mwaka hadi mwaka, na kwamba barua ya onyo inaandaliwa. Watu wakapiga meza. Nami nilicheka mpaka nikakosea gia. Yakini hakucheka, lakini niliona shavu lake likicheza.

Kila baada ya mwendo tulikuta barabara pana ya lami inachepuka kwenda porini. Kila moja, aliniambia, ilianza siku mkubwa fulani alipopita kona yake bila kuiona. Kwa kuwa mkubwa harudi, barabara ilimfuata. Moja iliishia kwenye kinamasi, na huko kuna mji mzima juu ya miti, wenye hoteli. "Watu wake wana mapafu mabovu," alisema, "ila ni wazalendo sana."

Saa nne asubuhi tukafika njiapanda. Kibao kilikuwa kimefutika. Yakini akatazama kushoto, akatazama kulia, akameza mate, akasema, "Kushoto." Nikakata kushoto. Baada ya muda, jua lililokuwa likinipiga usoni likahamia kisogoni.

"Bwana Yakini, Kiambo iko mashariki. Hapa tumekosea."

"Hii ndiyo yenyewe."

"Jua liko mgongoni kwangu!"

"Limechelewa," akasema, na jasho linamtoka.

Nilikasirika nikakanyaga mafuta, gari likaruka na tela likaruka nyuma yake. Tukapita nyumba ndogo iliyopakwa chokaa. Uani kulikuwa na bibi kizee anapeta mchele. Hapo Yakini akatoa sauti ambayo sikuitarajia kwa mtu mzima, akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Nini tena?"

"Yule mama yangu." Hakugeuka, alisema akitazama mbele. "Siku nilipoajiriwa nilipita hapo nina haraka. Nikasema nitaingia baadaye. Kuzunguka nchi kurudi pale ni miezi minane, na likizo yetu ni siku kumi na nne. Sikujua kama njia hii inapita kwake."

Nikakanyaga breki. "Basi shuka! Si hapo tu nyuma, hatua hamsini!"

"Tumeshapita," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Tumeshapita, Bi Mashavu. Twende."

Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. Niliondoa gari.

Saa saba tukafika darajani. Lilikuwa daraja jembamba la gari moja, na katikati yake lori la chumvi na boza la maji vilikuwa vimetazamana, bampa kwa bampa. Siku ya arobaini na moja. Nyuma ya boza kulikuwa na foleni, upande wetu lilikuwa lori peke yake. Watu walikuwa wameshajenga vibanda. Palikuwa na mama ntilie, kinyozi, na kamati mbili: moja ikishikilia kuwa lori ndilo lililotangulia kuingia, nyingine kuwa boza ndilo lililowahi. Kamati zilikuwa zimekubaliana jambo moja tu, nalo ni kuiomba serikali ijenge daraja la pili juu ya hili.

Nikamwendea dereva wa lori. Aliitwa Imara, baba mnene mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Kaka yangu, nyuma yako pako wazi. Ukirudi hatua thelathini tu, boza linapita, na wewe unapita."

"Najua," akasema polepole. "Mke wangu ananisubiri ng'ambo. Dereva wa boza naye ana mgonjwa huku. Usiku tunapeana sigara. Lakini nikirudi, wanangu watasema baba yao alikosea."

Hapo nikawaka. "Mtu mzima na ndevu zako! Umekaa siku arobaini na moja juu ya jambo la dakika mbili, kwa sababu ya watu watasema nini? Unajua una makosa, kila mtu anajua una makosa, na bado umekalia kiti chako tu kama..."

Hapo nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Siku arobaini na moja ni nini mbele ya miaka tisa? Nilikuwa nimewacheka tangu asubuhi, kumbe mwenyeji wao mkuu ni mimi. Tena lipo lililo baya zaidi, na hili sijapata kumwambia mtu. Tulipokuwa wasichana, mimi niliendesha, Mwanakombo alisimama nyuma ya tela akiniita: lete, lete, kata, simama. Tela halirudishwi bila mtu wa nyuma. Tulipogombana, sikutaka kumwita mwingine, wala sikutaka kuonekana nashindwa. Kwa miaka tisa, kila nilipotaka kuingiza tela uani, nilizunguka mtaa mzima ili nitokezee mbele. Dereva hodari Mashavu! Nilisimama pale darajani nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nikarudi kwenye gari. Nikavivua vile vitambaa vyeusi. Nikageuza kioo cha ndani. Nikaishika ile lakiri nikaichana, na karatasi ilitoa mlio mdogo ambao nadhani ulisikika mpaka ng'ambo, kwa sababu kinyozi aliacha kunyoa.

Nikatia rivasi. Mara ya kwanza tela lilijikunja, likaenda kulia ninapotaka kushoto, gurudumu likaning'inia ukingoni mwa mtaro. Watu wakaguna. Nikasogea mbele, nikajaribu tena, likajikunja tena. Huko nyuma samadari ya mama inalia kwa kamba. Nikatoa kichwa dirishani.

"Bwana Yakini! Njoo usimame nyuma!"

"Mimi?"

"Wewe. Ukiona nakwenda vizuri sema lete. Nikipinda sema kata, na upande gani. Ukiona hatari sema simama. Basi."

"Nitatazama nyuma?"

"Utatazama nyuma, ndugu yangu. Ndiyo kazi yenyewe."

Akashuka. Akaliacha Daftari kitini. Akatembea mpaka nyuma ya tela, akageuka, na watu wa kamati zote mbili wakashika vinywa.

"Le... lete," akasema, kwa sauti ya mtu anayeonja chakula cha kigeni. "Lete. Kata kulia. Lete. Lete, lete, lete! Simama!"

Tulifika penye uwanja mpana. Nikageuza gari. Nilipotazama darajani, lori la chumvi lilikuwa limewasha taa za nyuma, watu wazima wanne wako nyuma yake wanaimba kwa pamoja, "Lete! Lete!" na Imara kichwa nje, analia na kucheka. Boza likapita. Foleni ikapita. Watu walishangilia mpaka chumvi ikamwagika, wala hakuna aliyejali.

Kisha mwenyekiti wa kamati moja akaja mbio, kofia mkononi, uso umemsawijika. "Jamani, tutasema nini? Daftari!" Wakakaa kikao pale pale, wamechuchumaa. Haikuchukua muda. "Tumetafakari," akatangaza. "Huyu mama hakurudi nyuma. Amesonga mbele kwa upande wa pili." Kila mtu akashusha pumzi. Yakini mwenyewe akafunga kalamu yake.

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Labda nilitaka mazoezi.

"Ala! Nani kasonga mbele? Nimerudi nyuma, mchana kweupe! Niandike, Bwana Yakini. Kupotea njia ndiko kujua njia. Andika: Mashavu binti Kheri alikosea, akarudi."

Yakini alifunua ukurasa wa kwanza. Wino wa miaka ishirini na sita ukakataa, akailamba ncha, ukakubali. Aliandika jina langu. Halafu, bila kuulizwa na mtu, akaandika chini yake, nami nilisoma begani mwake: Yakini alipita kwa mama bila kuingia. Mara mbili.

Tukashika njia ile ile tuliyojia. Nilipofika kwenye nyumba ya chokaa nilisimamisha gari kabla, kabisa kabla, ili asiwe na kisingizio. Bibi kizee aliinua uso kutoka kwenye ungo wake. Akamtazama Yakini juu hadi chini, mvi zake, kitambi chake.

"Umechelewa," akasema. "Chai imeshapoa. Kaa, niipashe moto."

Yakini alipiga magoti pale pale kwenye pumba za mchele. Mimi sikukaa kuangalia, maana jua lilikuwa linakwenda, na kulikuwa na vumbi limeniingia machoni. Daftari alinipa nilifikishe mpakani, kwa kuwa yeye, alisema, hana haraka tena ya kwenda mbele.

Nilirudi mpaka njiapanda, nikashika ile njia ya pili. Kwenye mpaka wa kutokea, afisa alikagua gia akaona lakiri imechanika. Nikasema nimeichana mimi. Akafunua Daftari, akasoma mistari miwili ile, akasoma tena.

"Kumbe inawezekana?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Inawezekana, mwanangu. Inauma kidogo."

Akafungua kizuizi. Nilipokuwa naondoka nilimwona kwenye kioo changu, amesimama katikati ya njia, amegeuka, anaangalia alikotoka.

Niliingia Kiambo jua limebaki kiganja kimoja. Uani kwa Mwanakombo kulijaa wanawake, vigelegele, harufu ya pilau. Gari langu liliposimama nje ya lango, kelele zikakatika kama kandili iliyopulizwa. Mwanakombo akatoka mlangoni. Amezeeka, mdogo wangu. Alikunja mikono yake yenye hina akasubiri.

Nikashuka. Hotuba yote niliyoipanga njiani ilikuwa imenitoka.

"Mama alisema ni yako," nikasema, mbele ya wanawake wote wale. "Nilisikia kwa masikio yangu. Nilikosa, Mwanakombo. Nimeirudisha."

Aliitazama samadari ndani ya mablanketi yake, akanitazama mimi, akaanza kutembea. Alinipita karibu mpaka nikasikia harufu ya udi wake, wala hakunigusa, wala hakusimama, akaenda zake nyuma kuelekea barabarani. Nikajua basi. Nilirudi kwenye gari nimekubali: lango lao jembamba, tela haliingii ila kwa rivasi, nami mtu wa nyuma sina. Nitaishusha samadari nje, vijana wa harusi wataibeba, mimi nitakwenda zangu. Haki yake imefika. Hilo lingetosha.

Ndipo nikasikia, nyuma ya tela, sauti imekwaruza kidogo kwa umri, lakini ni ile ile.

"Haya, dada, lete. Kata kushoto. Lete... lete..."

Vioo sikuviona kwa machozi. Niliifuata sauti.